Mwanangu anachekwa kwa kusema "samba." Je, niache kumsemesha Dholuo, yaani Kijaluo?

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miaka 8. Nilizaliwa Ahero, kaunti ya Kisumu. Mume wangu ni Mluhya wa Kabras, dereva wa lori, kwa hivyo haonekani nyumbani sana. Mtoto alilelewa na mamangu Ahero mpaka mwaka jana nilipomleta huku Nakuru, tunakoishi kwenye ploti Kaptembwo. Akisoma kwa sauti darasani anasema 'sule' na 'samba,' na wenzake wanaangua kicheko. Siku moja mwalimu naye alicheka, akamwambia asilete Kisumu darasani. Tangu siku hiyo nikimsemesha Kijaluo ananijibu Kiswahili, na nyanyake akipiga simu anakimbilia nje. Kazini nako, kwenye duka la agroveti, wenzangu wakianza Kikuyu chao nabaki kama mgeni, halafu nasikia wanacheka. Hawa watu ndivyo walivyo. Rafiki yangu ameniambia niache Kijaluo kabisa nyumbani, eti ndicho kinachompa mtoto ulimi mzito. Mwingine ananiambia nirudi Kisumu kwa watu wangu. Nifanye nini?"

Dada yangu, tuanze na huo ulimi mzito. Jioni ya leo mwambie binti yako ajifanye anambembeleza mtoto mchanga alale, nawe uingie ukipiga kelele. Atakuwekea kidole mdomoni akunyamazishe: "Shhh!" Hiyo ndiyo sauti iliyo mwanzoni mwa "shule" na "shamba." Ulimi wake unaiweza, tena umeiweza tangu zamani. Kinachomtatiza ni kuitia sauti hiyo ndani ya neno, kwa sababu lugha yake ya kwanza haijawahi kumdai afanye hivyo. Dholuo haina "sh," na wala haina "z."

Mambo yenyewe huanzia kwenye sikio. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa tayari kupokea tofauti za sauti za lugha yoyote duniani, halafu polepole sikio lake linajifunza zipi zina kazi nyumbani kwao na zipi azipuuze. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, waliwapima watoto wa nyumba zinazozungumza Kiingereza kwa sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha vizuri. Wa miezi 10 hadi 12, wengi hawakuzitofautisha tena. Hawakuwa wamepungukiwa na akili. Walikuwa wamekomaa katika lugha yao. Binti yako naye, huko Ahero kwa nyanyake, alikomaa katika Dholuo. Anaposikia "shule," sikio lake linaipeleka "sh" kwenye kapu la "s," kwa sababu ndilo kapu lililokuwepo.

Kapu la pili linaweza kuongezwa. Kwa mtu wa miaka 40 ni kazi ngumu, kwa mtoto wa miaka 8 ni rahisi zaidi. Tena kwa kawaida watoto huchukua lafudhi ya wenzao wanaocheza nao, si ya wazazi wao. Amekaa Nakuru mwaka mmoja tu. Mpe mwingine, hata usipofanya lolote, na huenda wewe ndiye utakayeanza kusikia kwamba anatamka tofauti na wewe. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa kuacha Dholuo hautamsaidia kusema "shule." Lugha mbili hazigombanii nafasi kichwani mwa mtoto, watu wengi sana duniani hukua na lugha mbili au tatu bila kuugua.

Sasa nitazame pamoja nawe darasa hilo lenyewe. Kikuyu haina "l." Ndiyo maana utamsikia mtu mzima, tena msomi, akisema "karamu" akitaka kalamu. Mwingine akiogopa kosa hilo hupitiliza upande wa pili, akasema "lais," na kila baada ya miaka mitano akapiga "kula" badala ya kura. Wakalenjin wengi hawatofautishi "b" na "p" katika lugha yao, na sisi Wabukusu "b" kamili ya Kiswahili hutuponyoka, kwa hivyo "baba" hugeuka "papa," ambaye ni samaki. Katika darasa moja la Nakuru wamo watoto wa makundi hayo yote, na kila mmoja ana shimo lake. Binti yako ndiye aliyetumbukia mbele ya watu siku hiyo.

Halafu tazama jambo hili. Mtu wa Mombasa anayesema Kimvita hutamka "paa" la nyumba na "paa" mnyama wa porini kwa namna mbili. Yule mnyama hutoka na pumzi. Sisi wa bara hatuisikii tofauti hiyo, na watangazaji wetu hodari wa habari hawaitamki. Umewahi kusikia mtoto wa Nakuru akichekwa kwa kukosa pumzi kwenye "paa"? Hachekwi, kwa sababu mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hukohuko Mombasa, ilikubaliwa kwamba Kiswahili sanifu kisimame juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na Kimvita kikaachwa nje. Usanifu ni makubaliano ya watu mezani. Ni makubaliano yenye faida, nami ninayafundisha na kuyatetea, lakini hayakushuka na mvua. Kama kicheko kingefuata makosa, darasa zima lingechekwa pamoja na mwalimu wake. Kicheko hufuata mtu na kule anakotoka.

Hilo limepimwa. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake, mjini Montreal, waliwapa wanafunzi rekodi za sauti wazisikilize, wamwelezee kila msomaji ni mtu wa namna gani. Maandishi yalikuwa yaleyale, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kifaransa. Wasikilizaji hawakuambiwa kwamba msomaji wa Kifaransa alikuwa ndiye yule yule wa Kiingereza, anayejua lugha zote mbili. Mtu mmoja, alipokisoma Kiingereza, alionekana kuwa na akili zaidi, mwenye sura nzuri zaidi, hata mrefu zaidi. Lakini lililoniumiza nilipoyasoma matokeo hayo mara ya kwanza ni kwamba wanafunzi waliozaliwa katika Kifaransa nao waliihukumu hivyo lugha ya mama zao.

Binti yako anapokimbilia nje simu ya nyanyake ikilia, amefika hapohapo. Amejifunza kulisikiliza neno la nyanyake kwa sikio la wale waliomcheka. Hicho, dada, ndicho kinachonitia wasiwasi katika barua yako, kuliko "samba" mia moja.

Naijua njia hiyo. Mimi ni Mbukusu niliyekulia Kisumu, na mwaka wangu wa kwanza chuoni nilisimama kusoma kazi yangu mbele ya darasa. Sentensi ya kwanza ilikuwa na neno "bahati." Nikasema "pahati." Mhadhiri hakucheka, ila alirudia neno langu polepole, kama nilivyolitamka, na ukumbi ukafanya yaliyobaki. Nilikaa kimya katika mihadhara mihula miwili. Nilikuwa nikijua majibu, nikiyaandika kwenye ukingo wa daftari, na kuyaacha hapo. Watu hufikiri dhihaka ya lafudhi ni utani tu, haiui mtu. Lakini humtoa mtu katika mazungumzo wakati wa kujifunza ungalipo, na wakati huo haurudishwi.

Kwa nini masikio ya Nakuru ni makali hivi? Mji huu ulijengwa na reli na mashamba ya walowezi, na watu walikuja kufanya kazi kutoka Nyanza, Magharibi, Kati, kila upande. Wakaishi pamoja kwenye ploti zilezile, choo kimoja, kamba moja ya nguo. Halafu ukaja msururu wa miaka ya uchaguzi: 1992, 1997, na ule wa 2007 ambao ghasia zake ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwatoa mamia ya maelfu makwao. Nakuru iliwaka Januari 2008. Nyakati hizo jina la mtu, au namna alivyojibu salamu, lilitosha kumwambia aliyeshika panga kama huyu ni wa kwetu. Ukisoma Waamuzi sura ya 12 utakuta habari hiyohiyo kwenye vivuko vya Yordani: watu walitakiwa waseme "Shibolethi," aliyesema "Sibolethi" akauawa, wakafa 42,000. Ni "sh" na "s," dada yangu, ndizo hizohizo za binti yako. Waliokuwa watoto mwaka 2008 leo ni wazazi, na wengine ni walimu. Masikio yao yalinolewa na hofu. Kusema hivyo hakumpunguzii mwalimu yule kosa lake. Nakueleza tu kilipo kisima, kwa sababu maji unayoyachota kila siku yanatoka humo. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki yaliyokuwa yakitumika kwenye siasa, "madoadoa" likiwamo, yaani wageni wanaoonekana kutia doa mahali, na "watu wa kurusha mawe," jina wanaloitwa Wajaluo, ambalo nadhani umewahi kurushiwa wewe mwenyewe.

Nimefika kwenye sentensi yako ambayo niliipigia mstari: "Hawa watu ndivyo walivyo." Naielewa, imetoka kwa mtu aliyechoka. Lakini naomba uiondoe nyumbani, hasa mbele ya mtoto, kwa sababu mbili. Ya kwanza, haina ukweli. Muulize mume wako ilikuwaje alipokwenda Ahero kujitambulisha, ni mara ngapi alisikia neno "jamwa" likipita juu ya kichwa chake. Wakikuyu wana "nduriri" yao. Karibu kila lugha ya nchi hii ina neno la kumtenga asiye wetu, na nimelisikia likitamkwa kwa raha Kisumu, Bungoma na Nakuru, tena kanisani na msibani.

Sababu ya pili ni kwamba mambo haya hubadilika mahali yanapofanyiwa kazi. Mtaalamu wa uchumi Edward Miguel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004, alilinganisha Busia yetu na wilaya ya Meatu nchini Tanzania. Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na mchanganyiko wa makabila ndivyo wazazi walivyochangia shule yao kidogo. Meatu, mchanganyiko haukuleta pengo hilo. Tofauti aliiona kwenye miaka mingi ya siasa ya kujenga taifa upande ule, pamoja na Kiswahili shuleni na utumishini. Watu hawakuwa wa damu nyingine.

Nami nimeshayaona kwa macho. Nenda soko la Luanda, pale Wanyore wanapopakana na Wajaluo kuelekea Maseno. Kuna mama mmoja auzaye omena niliyesimama karibu naye karibu saa nzima. Mteja wa kwanza alipimiwa kikopo kwa Dholuo, na nyongeza juu. Wa pili akakemewa kwa Lunyore kwa kushika samaki bila kununua. Kwa dereva wa bodaboda akageuka Kiswahili, na chenji akairudisha bila hata kutazama nani ni nani. Nilipomuuliza lugha yake ni ipi, aliniuliza nataka kununua au nataka kuhesabu watu.

Sasa tufike kwenye maamuzi. Kuhusu kurudi Kisumu, sitakuzuia. Ziko sababu nzuri za mtu kurudi karibu na mama yake, na mkizipata na mumeo, rudini. Ila usirudi kwa kukimbia "samba." Mtoto angeelewa kwamba amefukuzwa, na huko Kisumu mumeo angeanza kuchekwa yeye. Binti yenyewe ni Mkabras kwa baba na Mjaluo kwa mama, hakuna mji wa nchi hii ambako wote watakuwa "watu wake" isipokuwa tukiijenga hiyo miji iwe hivyo.

Kuhusu kuacha Dholuo, jibu langu ni usiache. Utapoteza lugha ya nyanya na hutapata chochote badala yake. Kanuni nyumbani iwe nyepesi: wewe sema Dholuo, yeye ajibu kwa anachotaka. Usimlazimishe, usimwadhibu, usimlilie. Akisikia lugha kila siku inabaki ndani yake hata akikataa kuitoa.

Hata hivyo usimwambie kwamba "sule" ni sawa na basi. Lafudhi haina aibu, lakini imla na insha zitamdai "sh," na kuna maneno ambayo hapo ndipo maana hugeuka: sindano na shindano, kusuka na kushuka. Mtu akimwambia kondakta "nasuka hapa," wote wanaelewa. Kwenye mtihani haieleweki. Mfundishe mkiwa wawili, dakika 10 baada ya chakula. Anza na sikio. Wewe sema jozi hizo ukiwa umeficha mdomo na kitambaa, naye aonyeshe picha ya sindano au ya watoto wanaokimbia. Kama wewe mwenyewe "sh" inakukwepa, hakuna aibu, mwombe baba yake amrekodie maneno hayo kwenye simu akiwa safarini, na atafurahi kupata kazi hiyo. Akishatofautisha kwa sikio mara nane kati ya kumi, ndipo aanze kutamka, akianzia na ile "shhh" ya kumnyamazisha mtoto, aivute mpaka "shhh-ule." Kamwe usimsahihishe mbele ya watu. Na akianza kupitiliza akasema "shasa" badala ya "sasa," usiogope, ni dalili kwamba kapu la pili limeshawekwa na anatafuta kipi kiingie wapi.

Shuleni nenda mwenyewe, usitume barua. Mwone mwalimu wa darasa faraghani, bila mashtaka mwanzoni. Mwambie maneno kama haya: "Mwalimu, mtoto huyu amelelewa kwa Dholuo, ana mwaka mmoja tu wa Kiswahili cha kila siku. Tangu siku ile ya Kisumu hataki kusoma kwa sauti. Naomba unisaidie." Walimu wengi wakiambiwa hivi hushtuka, kwa sababu wao walishasahau jioni ileile. Asipobadilika, mwone mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule, na hapo andika tarehe na maneno yaliyosemwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila na ya lugha, na kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Mtoto wa Gredi ya 3 anahesabiwa humo.

Kazini pana mambo mawili yaliyochanganyika. Watu wawili wenye lugha moja wakikutana, mdomo huenda huko wenyewe. Wewe na dada yako mngefanya vivyo hivyo. Mara nyingi hawakusemi. Lakini habari za kazi ni jambo jingine: bei ya mbolea imepanda, mteja amerudisha dawa, bosi amebadilisha zamu. Hizo una haki ya kuzisikia kwa lugha unayoielewa. Ikitokea tena, sema papo hapo, kwa uso mkunjufu: "Jamani, hiyo ni ya kazi? Nipeni na mimi kwa Kiswahili." Rudia kila mara. Na ukiweza, jifunze Kikuyu kidogo, salamu na namba kwanza. Najua si haki wewe uliyetengwa uongezewe mzigo. Nakushauri tu kwa sababu nimeona kunavyofanya kazi: mtu hushindwa kukuita mgeni ukishamuuliza hali ya mama yake kwa lugha ya mama yake. Ikiwa lakini unanyimwa zamu, mshahara au kupandishwa cheo kwa sababu ya ulikotoka, hayo hayatibiwi kwa salamu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inataja wazi lugha na kabila. Nenda kwa afisa wa leba, au upeleke malalamiko kwa Tume ya Uwiano na Utangamano.

Kuna dalili ambazo zikionekana usinisubiri mimi wala mtu mwingine wa kuandika. Kama mtoto anakosea sauti hata katika Dholuo, au anakwamakwama, au huitikia tu akikuona uso, mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti apimwe masikio kwanza, kisha mtaalamu wa usemi. Na kama tumbo linamuuma kila Jumapili jioni, ameanza kukojoa kitandani tena, amenyamaza hata na marafiki, au anasema yeye ni mjinga, hilo limeshapita mambo ya sauti. Mtafutie mshauri wa watoto aongee naye ana kwa ana.

Imebaki simu. Usimkokote mtoto kutoka nje. Weka simu kwenye spika, uendelee kukatakata sukuma wiki, umwache nyanya aongee na wewe kwa Dholuo: mvua imenyesha au haijanyesha, mchele umefikia wapi, yule kuku mweupe ametotoa vifaranga wangapi. Mweleze mama mapema kwamba mjukuu akijibu Kiswahili, aendelee tu kwa Dholuo bila kumlaumu. Na umwambie aulize kuhusu yule kuku kila wiki, kwa sababu mtoto aliyemlisha huyo kuku kwa mkono wake hataweza kukaa nje muda mrefu.